Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyeichora Ramani ya Kansa

Siku moja ya mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu wa watoto Hugh Trowell alimwita mwenzake aje amtazame mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya zake zote zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto, hata sura yake ikapotoka na meno yakalegea. Daktari aliyeitwa alikuwa bingwa wa upasuaji, lakini jambo kama lile hakuwa amelishuhudia maishani mwake. Kama ni jipu, lingekaa upande mmoja. Kama ni kansa, mbona imezuka mahali pane kwa mpigo mmoja? Alimpima, akampiga picha, akaandika maelezo yake, kisha akakiri kuwa hana jibu.

Wiki chache baadaye daktari huyo alikuwa Jinja, katika hospitali ya wilaya. Alipotupa jicho dirishani akamwona msichana mdogo amekaa nje na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka mbio kwenda kumwangalia. Tumboni pia mtoto huyo alikuwa na uvimbe. Mgonjwa mmoja huenda ni bahati mbaya ya Mungu, lakini wawili wanaofanana ni ugonjwa unaotafuta jina.

Jina lililopatikana ni la daktari mwenyewe. Huyu ndiye Denis Parsons Burkitt, na kansa ile leo inaitwa limfoma ya Burkitt katika vitabu vyote vya tiba duniani. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa pwani yetu wanaijua hata kama hawalijui jina hilo, maana ni watoto wao iliowachukua.

JIWE LA UTOTONI

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, lakini roho yake ilikuwa kwa ndege. Aliwakamata wale ndege wadogo wa kifua chekundu waliotua bustanini kwake, akawavisha pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki kipande gani cha ardhi. Wataalamu wa ndege wanaikumbuka kazi hiyo mpaka leo. Mtoto aliyekuwa akimtazama baba yake akitia alama kwenye ramani hakusahau.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto walirushiana mawe, na jiwe moja likavunja miwani yake. Kipande cha kioo kikamwingia katika jicho la kulia, na jicho hilo likapotea kabisa. Tangu siku hiyo aliitazama dunia kwa jicho moja.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, akasomee uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Huko chuoni akaingia katika kikundi cha vijana Wakristo, imani ikamshika sana, na akaamua kwamba Mungu anamtaka awe daktari. Akaacha uhandisi akashika udaktari, akahitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji ya Edinburgh.

Tamaa yake ilikuwa Afrika. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri wa walowezi mjini Nairobi, kwa hiyo habari za bara hili hazikuwa ngeni nyumbani kwao. Lakini alipoomba kazi serikalini, wakubwa wa Wizara ya Makoloni walimkataa: daktari mwenye jicho moja atapasuaje watu? Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia mlango. Jeshi la Uingereza lilikuwa na uhaba wa madaktari, likamwandikisha mwaka 1941, na katika utumishi huo akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, wakajaliwa mabinti watatu.

Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, katika wilaya ya Lango.

SOMO LA BUSHA

Huko Lira alipasua kila kitu, kama ilivyokuwa desturi ya daktari wa wilaya aliye peke yake. Wanaume wengi walikuja kwake na busha. Daktari mwingine angewapasua akawarudisha makwao. Burkitt aliwauliza kila mmoja anatoka kijiji gani. Baada ya muda akagundua kwamba wagonjwa hao walitoka zaidi mashariki ya wilaya, na kwamba magharibi busha lilikuwa jambo la nadra. Akayaandika hayo katika jarida la Lancet mwaka 1951, akiyahusisha na minyoo inayoenezwa na mbu.

Lilikuwa jambo dogo, na halikumletea sifa yoyote. Lakini lilimfundisha kwamba swali la mgonjwa anatoka wapi laweza kuzaa matunda kuliko swali la mgonjwa anaumwa nini. Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, na ndiko alikokuwa alipoitwa na Trowell miaka tisa baadaye.

Baada ya yule msichana wa Jinja, Burkitt alifungua majalada ya hospitali. Akakuta watoto wengine, wengi wao chini ya miaka kumi, waliokufa kwa uvimbe wa taya, wa figo, wa ini, au wa mifuko ya mayai kwa wasichana. Kila uvimbe ulikuwa umeandikwa kwa jina lake. Hakuna aliyefikiri kuwa ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na watu wachache mno waliijali. Wanapatholojia wa Kampala, J.N.P. Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, walizitazama seli kwa hadubini wakathibitisha kwamba ni kansa ya seli nyeupe za damu, yaani limfoma, na kwamba ilikuwa karibu nusu ya kansa zote za watoto nchini Uganda.

Ilikuwa kansa ya haraka kupita zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akicheza mwezi huu, mwezi ujao alikuwa anachimbiwa kaburi. Na mpasuaji, pamoja na kisu chake, hakuwa na la kufanya. Kukata taya zote nne za mtoto si tiba.

MAILI ELFU KUMI KWA GARI KUUKUU

Basi Burkitt akarudi kwenye ramani. Kwa ruzuku ya pauni 25 tu alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika nzima, akiuliza: je, mmewaona watoto wa namna hii? Majibu yalipofika aliyatia alama moja moja ukutani. Alama zikajipanga kama mshipi kiunoni mwa Afrika, kuanzia magharibi hadi mashariki, na mkia wake ukashuka kusini kuelekea Msumbiji.

Mshipi huo uliishia wapi, na kwa nini? Barua hazikutosha. Mwezi Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na wenzake wawili, Edward Williams wa hospitali ya Kuluva, aliyekuwa fundi wa magari vilevile, na Clifford Nelson. Chombo chao kilikuwa gari la Ford lililokwisha tumika, walilolinunua kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walipita Kenya, Tanganyika na nchi za kusini mpaka Afrika Kusini, wakarudi. Walikwenda maili elfu kumi na kuingia hospitali karibu 60. Kila walipofika walifungua albamu ya picha, wakawauliza madaktari na wauguzi, wakaandika. Katika miezi hiyo bendera za Afrika zilikuwa zinabadilika. Mwezi Desemba, safari ikikaribia kwisha, Tanganyika ikawa nchi huru.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Penye joto na mvua nyingi, ugonjwa ulikuwapo. Penye baridi au ukame, haukuwapo. Katika Afrika Mashariki mpaka wake ulikuwa kama futi elfu tano juu ya bahari. Hapa Kenya watoto wa ufukoni mwa Ziwa Victoria na wa pwani waliugua, ilhali wa nyanda za juu walisalimika. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliitazama ramani hiyo akaona ni kama ramani za magonjwa ya mbu alizozoea kuzichora. Kisiwani Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu, kansa hiyo ilikuwa nadra ingawa joto na mvua si haba.

Burkitt akashawishika kwamba kuna virusi vinavyobebwa na mdudu. Tutaona kwamba katika hilo alipata nusu ya ukweli.

UKUNGU WA LONDON

Miezi michache kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa likizoni Uingereza, akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha kansa kwa kuku. Epstein hakungoja mhadhara uishe ili akate shauri. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe kutoka Kampala vitapakiwa kwenye ndege hadi London.

Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vilikwenda na Epstein hakuona kitu. Kisha mwezi Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika maabara jioni maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu yeyote angedhani yameoza. Epstein akatia tone chini ya hadubini badala ya kulitupa, akakuta seli za kansa zinaelea zikiwa hai. Kwa njia hiyo zikaoteshwa kwa mara ya kwanza nje ya mwili. Mapema mwaka 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ayalandi walitangaza kuwa wameona virusi vipya ndani yake. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr, virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na kansa ya binadamu.

Tusisahau kwamba kila kipande kilichosafiri kilitoka kwa mtoto wa Afrika Mashariki ambaye jina lake halimo katika vitabu. Sayansi ina deni kwao na kwa mama zao.

Wakati huohuo Burkitt hakuacha kutafuta dawa. Uganda haikuwa na mashine ya kutibu kansa kwa miale, kwa hiyo akajaribu dawa mpya zilizoletwa na Joseph Burchenal wa New York. Mjini Nairobi Peter Clifford alikuwa akifanya vivyo hivyo. Watoto wengine walipewa dozi moja au mbili tu, na uvimbe ukayeyuka kama barafu juani. Baadhi yao hawakuugua tena. Hii ikawa mojawapo ya kansa za kwanza kuonyesha kwamba dawa peke yake, bila kisu, yaweza kuponya.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akaendelea na kazi London, chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba. Huko akageukia swali jingine: kwa nini Waingereza wanaugua kibole, mawe ya nyongo na kansa ya utumbo mpana, maradhi ambayo aliyaona mara chache sana kwa wanavijiji wa Uganda? Pamoja na rafiki yake wa zamani Trowell alisema sababu ni chakula kilichokobolewa, kisicho na nyuzinyuzi. Alizunguka dunia akihubiri mkate wa ngano nzima na maharagwe, akiwaonyesha wasikilizaji picha za kinyesi bila haya yoyote. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya jambo hilo kilimfanya ajulikane hata na watu wasiopata kusikia habari za limfoma. Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

JENI ILIYOHAMA NYUMBA

Lakini swali lake la kwanza halikufa naye. Virusi vya Epstein-Barr vilipochunguzwa, ilionekana kwamba karibu watu wazima wote duniani wanavyo. Vinaenea kwa mate, wala havihitaji mdudu. Mbona basi kansa iko kwenye mshipi wa Afrika? Katika West Nile ya Uganda, watafiti walipima damu ya watoto kama 42,000 katika miaka ya 1970, wakaona kwamba waliokuwa na alama nyingi za virusi hivyo katika damu ndio waliokuwa hatarini zaidi. Huko North Mara, Tanzania, watoto walipewa dawa ya malaria kuanzia 1977 hadi 1982. Kansa ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo jibu halikuwa wazi. Hata hivyo leo wataalamu wanakubali kwamba malaria ya mara kwa mara ndiyo mwenzi wa virusi hivyo. Mbu wa Burkitt alikuwapo kweli, ila mzigo aliobeba ulikuwa mwingine.

Ndani ya seli yenyewe nako kulikuwa na kisa. Miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba katika kansa hii kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kujiunga na nyingine, mara nyingi ile ya 14. Mwaka 1982 ikajulikana kwamba jeni inayohama nyumba kwa njia hiyo inaitwa MYC. Kazi ya MYC ni kuiamuru seli ikue na kujigawa. Katika seli yenye afya hufunguliwa na kufungwa kama koki ya bomba. Ikihamia karibu na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli nyeupe hazipumziki, koki hukatika na maji hayakomi.

Hapo zamani wataalamu wangeishia hapo. Walidhani kwamba jeni ni maagizo ya kutengeneza protini, basi. Maagizo hayo yamo katika DNA, kama kitabu kikuu kilichofungiwa ofisini. RNA ni tarishi anayenakili ukurasa na kuupeleka kiwandani ili protini itengenezwe. Lakini kurasa za protini ni kama asilimia mbili tu ya kitabu au pungufu. Sehemu kubwa iliyobaki wengi waliiona kuwa ni takataka.

Katika takataka hiyo ndimo yalimopatikana mambo. Mwezi Desemba 1993, miezi tisa baada ya Burkitt kuzikwa, Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walitangaza walichokiona kwa mnyoo mdogo wa udongoni: kijipande cha RNA, chenye herufi kama 22 tu, ambacho hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kumkamata tarishi mlangoni, kumshika ili ujumbe wake usisomwe. Tuseme ni bawabu. Kwa miaka kadhaa watu walidhani ni kioja cha mnyoo. Kisha mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaonyesha bawabu mwingine, let-7, aliye vilevile kwa mnyoo, kwa nzi na kwa binadamu. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

MABAWABU NDANI YA UVIMBE

Na mabawabu hao walipotafutwa katika kansa, uvimbe wa watoto wa Burkitt ulikuwa mmojawapo wa mahali walipojionyesha waziwazi.

Kwanza, virusi vyenyewe. Mwaka 1981 maabara ya Joan Steitz nchini Marekani ilikuwa imekwisha ona kwamba virusi vya Epstein-Barr hutengeneza RNA mbili fupi zisizo na protini, tena kwa wingi mno, hata zikafika mamilioni ndani ya seli moja. Leo zikitafutwa katika kipande cha uvimbe, humwambia mpimaji kama virusi vimo. Mwaka 2004 ikajulikana kuwa virusi hivi vina mabawabu wao wenyewe, wa kwanza kupatikana katika virusi vyovyote, na waligunduliwa katika seli za limfoma ya Burkitt zilizoambukizwa. Vimo zaidi ya 40. Mgeni ameingia nyumbani na mabawabu wake, nao huwazuia matarishi ambao wangeiambia seli iliyoharibika ijiue.

Pili, MYC nayo inawaajiri na kuwafukuza mabawabu. Mwaka 2005 ilionekana kwamba MYC huwasha kundi moja la RNA ndogo, na kundi hilo likiongezwa kwa panya wenye MYC iliyozidi, limfoma huwajia mapema zaidi. Kwa upande mwingine MYC humnyamazisha let-7. Na let-7 ni adui wa MYC: mwaka 2007 watafiti walimrudisha let-7 katika seli za limfoma ya Burkitt ndani ya maabara, na MYC ikashuka, seli zikapunguza kasi ya kuongezeka. Ni ugomvi wa wawili, na anayemwahi mwenzake ndiye anayeamua hatima ya seli.

Hapa ndipo kansa inapokutana na seli shina, yaani zile seli changa ambazo hazijachagua kazi, zinazoweza kuwa damu, ngozi au moyo. Let-7 ndiye mzee anayeiambia seli kwamba utoto umekwisha, ishike kazi. Katika seli shina kuna protini iitwayo LIN28 inayomzuia let-7 asikomae. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alichukua seli za kawaida za panya akazirudisha utotoni kwa jeni nne, na mojawapo ilikuwa MYC, ileile iliyohama nyumba katika taya za watoto wa Uganda. Mwaka uliofuata James Thomson huko Marekani alifanya jambo hilohilo kwa seli za binadamu bila MYC. Miongoni mwa jeni zake nne ilikuwamo LIN28. Njia mbili, lakini zote zinapita mlangoni kwa let-7. Nguvu inayomwezesha mtoto kukua tumboni ndiyo hiyo inayomwua ikifunguliwa isifungwe.

Tatu, jirani wa MYC. Kwa baadhi ya wagonjwa kromosomu haikatiki ndani ya MYC bali kando yake, mahali paitwapo PVT1. Kwa miaka mingi haikujulikana pana nini, maana hapatoki protini. Leo twajua panatoka RNA ndefu. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba katika kansa kadhaa RNA hiyo huilinda protini ya MYC isiharibiwe upesi. Lakini mwaka 2018 ikaonekana pia kwamba lango la jeni hiyo ya PVT1 hushindana na MYC na kuipunguza nguvu. Jirani mmoja ana tabia mbili, na wataalamu wangali wanamchunguza.

DENI LILILOBAKI

Wahenga walituonya tusidharau wembamba wa reli, kwani garimoshi hupita juu yake. RNA ya herufi 22 ni nyembamba kuliko reli yoyote, na juu yake hupita uhai wa mtoto.

Lakini tusijidanganye. Ujuzi huu wote haujawa bado dawa ya mtoto wa Siaya au wa Kilifi. Anayeugua leo hutibiwa kwa dawa za ukoo uleule aliozitumia Burkitt, zikiwa zimeboreshwa na kupangwa vizuri zaidi. Katika nchi tajiri watoto walio wengi sana hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, si kwa kuwa ugonjwa ni mwingine, bali kwa kuwa mtoto hufika hospitali akiwa amechelewa, amekonda, au nauli na fedha za matibabu humwishia mzazi njiani. Taya ikivimba hudhaniwa ni jino. Hung'olewa, na wiki hupita. Kwa kansa inayoongezeka maradufu kwa siku mbili, wiki ni nyingi.

Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Hakuwahi kuiona MYC, wala hakujua kama kuna let-7. Alikuwa na jicho moja, albamu ya picha, gari kuukuu na tabia ya kumwuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Kama angewaandikia wale watoto wawili wa mwanzo vyeti vya kifo na kuendelea na kazi za siku, hakuna mtu ambaye angemlaumu. Wanasayansi wanaozichunguza RNA leo wameingia kwa mlango aliouacha wazi. Na mzazi anayeona shavu la mwanawe limevimba, akampeleka hospitali siku hiyohiyo badala ya kungoja jino litoke, naye ameipokea kazi ya daktari huyo pale alipoiachia.